Mashuka Yaliyogoma Kukauka

Dada yangu kipenzi,

Shikamoo. Mgongo umeacha kukusumbua, au bado unajifanya hauumi ili usiende hospitali? Nakujua. Watoto wangu hawajambo? Yule mdogo ameacha kula chaki? Mwambie mama yake mdogo anamkumbuka kila akiona kitu cheupe, na huku kwetu vitu vyeupe havihesabiki. Shemeji naye msalimie sana. Ile hotuba yake ya siku ya kunikabidhi bado watu wa nyumba hii wanaiigiza, hasa pale alipokohoa akasahau jina la bwana harusi.

Mimi ni mzima, tena nina furaha mpaka najionea aibu. Dada, nimeolewa! Najua unajua, ulikuwepo, ulilia kuliko Mama. Lakini kuna asubuhi nafumbua macho, namwona mtu huyu amelala kinywa wazi kama mtoto, najiambia habari ile upya kana kwamba nimeisikia redioni.

Shemeji yako ananipenda, Dada. Anarudi kutoka duka la vioo vidole vimejaa plasta, na kabla hajafika ghorofa yetu nimeshamtambua kwa mluzi wake kwenye ngazi. Mabaki ya vioo anayakata vioo vidogo vya kujitazamia na kuniletea. Anasema havikubahatika kuwa dirisha la mtu, basi angalau vipate kuniona mimi. Unacheka? Cheka. Mimi aliponiambia hivyo nilishindwa kumeza chai.

Katika barua yako uliniuliza nyumba ikoje, chumba kikoje, na kwa nini tangu harusi sijaja kukuona hata siku moja ilhali nauli si tatizo. Leo nakujibu yote. Karatasi ikikufikia imejikunja usidhani ni uchafu wangu. Ni unyevu, na huo unyevu ndio habari yenyewe.

Tunaishi kwa mama mkwe. Hilo ulilijua. Mume wangu aliniahidi kabla ya ndoa kwamba tutakaa pale muda mfupi tu, kisha tutatafuta chumba chetu. Nami sikutaka makubwa, Dada. Sikuota jumba wala bustani. Nilitaka mlango mmoja tu, mlango ambao mtu akitaka kuingia anabisha hodi na kungoja aitikiwe.

Mama mkwe anafua mashuka ya nyumba ya wageni iliyo mtaa wa pili. Ni kazi aliyosomeshea watoto wake wote wawili, na anaifanya kwa heshima kubwa. Mashuka hayaanikwi nje, kwa sababu chini yetu kuna karakana ya kupaka magari rangi, na ukitundika shuka jeupe barazani, jioni unashusha la buluu. Kwa hiyo kuna mashine ya kukaushia. Ni kubwa, nzito, ina mlango wa kioo cha mviringo tumboni, na ilikuwa na chumba chake peke yake.

Chumba hicho ndicho tulichopewa sisi.

Usishtuke. Mama mkwe na wifi wanalala chumba kimoja, na sebule ni ya kupigia pasi, basi tungekaa wapi? Wakaisogeza mashine ukutani, wakaingiza kitanda chetu. Kitanda kikakaa sawasawa, kichwa mlangoni, miguu kwenye mashine, pasipo hata nafasi ya kupitisha ufagio. Mume wangu alikuwa amepima kwa ile tepu yake ya dukani, akajisifu kwamba kimeingia kama kioo kwenye fremu. Dirisha lipo, lakini limezibwa kwa ubao, na ubao una tundu la kupitishia bomba la hewa ya moto ya mashine. Halifunguki. Mke wa fundi vioo, Dada, na sina dirisha!

Wifi yangu, yule anayesomea ushonaji na anayecheka hata msibani, akaipa mashine jina siku ile ile. Anaiita mke mwenza. Asubuhi hupiga kelele kutoka jikoni kuniuliza kama mke mwenza ameamka vizuri, kama hakuninyang'anya blanketi, na kama leo zamu ni yangu au yake. Mwanzoni nilicheka mpaka mbavu zikauma. Hodi hakuna anayepiga, maana kwao pale ni chumba cha mashine. Mtu anaingia kuangalia mashuka, ananikuta nachana nywele, ananisalimu, anafungua mashine, anapapasa, anasema bado, anatoka. Dakika si nyingi anaingia mwingine.

Na kweli ilikuwa bado. Kila mara ilikuwa bado. Furushi moja la mashuka lilikuwa linakula asubuhi nzima, na saa ya chakula ukifungua unakuta yana joto kama mgonjwa wa homa na yamelowa vilevile. Unarudisha. Unangoja. Unafungua. Bado.

Ungeniambia niyaache yazunguke niende zangu. Haiwezekani. Mama mkwe ana sheria moja tu, nayo haivunjwi: mashine inayozunguka haiachwi peke yake. Jirani wa ghorofa ya juu aliwahi kuiacha yake akaenda sokoni, akarudi akakuta mapazia yanawaka. Mama mkwe yuko bafuni kwenye mashine ya kufulia, wifi yuko kwenye mafunzo, mume wangu yuko kazini. Anayebaki ni nani? Mimi, juu ya kitanda changu cha harusi, nikilitazama lile tumbo la kioo likizungusha mashuka ya watu nisiowajua.

Nilitumia akili yangu yote ya shule. Kile kichujio kinachonasa nyuzi nilikuwa nakisafisha kabla ya kila furushi. Nilipunguza mashuka. Nikayakamua mara ya pili. Nikauvuta kila wakati waya nione kama umekaa vizuri. Wapi! Hewa ya moto badala ya kutoka nje ilikuwa inarudi chumbani. Kuta zilitoka jasho. Picha zetu za harusi zilijikunja zikawa kama magome. Nywele zangu, Dada, zile ulizozisuka kwa siku mbili, zilifumuka zenyewe.

Kuna Jumapili mume wangu aliniahidi kunipeleka bustani ya mto kutembea. Nikavaa gauni la njano, lile ulilosema linanifanya nionekane kama balbu. Mashuka yakawa hayajakauka, na nyumba ya wageni ilikuwa inayangoja siku ile ile. Nikakaa na gauni langu mbele ya mashine. Yeye akaja akakaa kando yangu, akaniwekea mkono begani, akasema hii ndiyo sinema yetu, mhusika mkuu ni foronya. Nikacheka sana. Nikalia kidogo pia, ila kwa jasho lile hakuna aliyeona.

Sasa nikufikishe kwenye neno lililonikaba.

Jioni moja tukiwa tunakula, nilimuuliza mume wangu kwa sauti ya chini ile habari ya chumba chetu imefikia wapi. Mama yake alikuwa mbele yetu. Mume wangu akanitazama kwa macho ya upendo, akaniambia: “Kausha, mpenzi.” Basi nikaacha sahani yangu, nikanawa mikono, nikaenda nikaingiza furushi mashineni. Niliporudi wote watatu walikuwa wananitazama. Wifi aliuma upande wa kanga yake.

Tangu hapo ikawa ndiyo jibu lake. Nikisema joto limenizidi, kausha kwanza. Nikisema nataka kuja kukuona, wewe kausha tu. Nikianza kumlalamikia mashine mbele ya mama yake, ananikonyeza ananiambia kausha, na mimi ninainuka nakwenda kukausha. Siku nyingine hapakuwa na kitu cha kukausha, nikachukua mataulo makavu kabatini nikayaingiza, kwa hasira.

Sikukuandikia wakati ule kwa sababu sikujua niandike nini. Mtu huyu ananipenda. Nilikuwa na hakika hiyo kama nilivyo na hakika ya jina langu. Lakini nikaanza kujiuliza kama alinioa mimi au alimtafutia mama yake mtu wa kukaa na mashine. Nikajiona kama shuka lililosahauliwa ndani: linazunguka, lina joto, kuna hata kioo cha kuonea nje, ila mlango haufunguliwi kutoka ndani.

Msimamizi wa nyumba ya wageni akaanza kulalamika. Alipiga simu akasema wageni wake wanamwuliza kama mashuka yale yamelaliwa na mbwa aliyenyeshewa. Akasema akiletewa tena mabichi atahamia kwa dobi mwingine. Mama mkwe akamjibu kwa upole, akakata simu, akakaa chini taratibu. Ndipo akamwita fundi wa mashine.

Fundi alikuja na mkanda wa vifaa kiunoni na maneno mengi. Kabla hajaigusa mashine alishatueleza mashine zote za mji alizozifufua. Kisha akaona hakuna njia ya kufika nyuma yake isipokuwa kupita juu ya kitanda chetu. Akaniomba ruhusa. Akavua viatu, kidole gumba kikachungulia kwenye soksi, akalala kifudifudi juu ya shuka langu la maua ulilonipa wewe, kichwa kikazama nyuma ya mashine. Tukawa tunaona makalio tu. Mara tukasikia “Ahaa!” kubwa. Akatoka na nyuzi nyeupe kichwani, amezeeka ghafla. Akaitazama mashine, akakitazama kitanda, akanitazama mimi. Akafungua kinywa.

Mama mkwe akakohoa, akasema: “Fundi, kausha.”

Nilistaajabu. Nikajisemea moyoni, hata fundi? Mtu amekuja kutengeneza, naye anaambiwa akaushe? Fundi akafunga kinywa. Akasema mashine imechoka, ni mambo ya umri, tuwe tunaipunguzia mzigo. Akavaa viatu akaondoka hata bila kuaga.

Siku chache baadaye foronya moja iliniponyoka ikaanguka nyuma ya mashine. Nikalala pale pale alipolala fundi, nikaupenyeza mkono. Foronya niliipata. Nikapata na kitu kingine. Bomba lile la bati laini linalotoa hewa ya moto, ambalo linatakiwa liwe mviringo, pana kiasi cha kuingia ngumi yako na nafasi ikabaki, lilikuwa bapa kama mkanda wa suruali. Lilibanwa kati ya mashine na ukuta. Na nyuzi zote zilizoshindwa kupita zilikuwa zimejazana mle kama pamba ndani ya mto.

Nikageuka nikakaa, nikatazama. Mguu wa kitanda unaisukuma mashine, mashine inalikandamiza bomba. Hewa haina pa kutokea, inaturudia sisi. Haikuwa uzee wala uchovu. Kitanda chetu ndicho kilichokuwa kinamkaba mke mwenza koo.

Nikajaribu kukivuta kitanda upande wa mlango. Mlango ukagoma kufunguka, nikawa nimejifungia mwenyewe ndani. Nikakirudisha, bomba likabanwa. Ukiipa mashine upana wa kiganja tu, kitanda hakikai. Ukikipa kitanda nafasi yake, mashine haikaushi. Nilikaa pale katikati, Dada, na mara ya kwanza maishani mwangu nikawa na habari kubwa na sina wa kumpa. Nikimwambia mama mkwe, jawabu ni moja tu, kitanda kitoke. Kikitoka, mimi nitalala na yeye na wifi, na mume wangu atalala sebuleni, na wewe unajua kitu cha namna hiyo kikianza huwa hakiishi. Nikisema kwa mume wangu, ataniambia kausha.

Mimi, ambaye nyumbani mliniita Chiriku, nikanyamaza. Nilikuwa nakula kimya. Wifi aliniuliza kama nimegombana na mke mwenza.

Jumamosi iliyopita, mchana, furushi likarudishwa. Msimamizi hakulileta mwenyewe, alimtuma mlinzi aliweke mlangoni, na ujumbe wake ulikuwa kwamba kuanzia mwezi ujao ana dobi mwingine. Mume wangu alikuwa ametoka kazini mapema. Mama mkwe alilibeba lile furushi mpaka chumbani kwetu, akakaa nalo kitandani, amelipakata kama mtoto. Akasema labda wakati umefika wa kuiuza mashine, na wala hakulia, na hilo ndilo lililonitoa machozi mimi. Nikasimama. Nikasema Mama, kuna jambo. Na mume wangu, haraka haraka, akaniambia: “Kausha!”

Dada, sijui sauti ile ilitoka wapi. Nilimwuliza nikaushe nini tena? Nimekausha tangu siku ya harusi! Nimekausha mashuka, nimekausha foronya, nimekausha mataulo ambayo hayakulowa! Nilimwuliza mimi ni mke wake au ni kamba ya nguo. Nikamwambia aniambie leo, mbele ya mama yake, ili nijue.

Mashine peke yake ikawa inaguna. Kisha nikasikia kitu kama mtu anayepaliwa, nikageuka, wifi alikuwa ameteleza chini mlangoni, anacheka hana nguvu, anapiga sakafu kwa kiganja. Alishindwa kusema mpaka alipovuta pumzi mara kadhaa. Alisema hakuamini, kumbe siku zote zile nilizokuwa nikiinuka mezani kwenda kwenye mashine sikuwa nafanya mzaha.

Ndipo nikaelezwa. Zamani watoto hawa walipokuwa wadogo, wageni wakija na mtoto akakaribia kutoa siri ya nyumba, mama yao alikuwa anasema “kausha” na kuoneshea mkono nguo, mgeni akadhani ni kazi. Maana yake ilikuwa funga mdomo. Imekuwa lugha ya nyumba hii mpaka leo. Najua hata mitaani vijana husema kausha wakitaka unyamaze, nami nimelisikia. Lakini Dada, nihukumu kwa haki: mtu akikuambia kausha umesimama mbele ya mashine ya kukaushia, ndani ya nyumba ya dobi, wewe ungeelewa nini?

Nikamtazama mume wangu. Uso wake ulikuwa umesawijika. Akaniuliza polepole kama ni kweli nilidhani ananituma kazi. Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Akapiga magoti pale pale kwenye kile kinafasi cha mlangoni, akanishika mikono, akaniomba msamaha mbele ya mama yake na dada yake bila kuona haya. Na mimi niliyekuwa nimejaa moto hadi utosini, moto ukaniishia. Siwezi kumkasirikia mtu mwenye plasta tano.

Akaanza kueleza. Alilijua lile bomba tangu wiki ya harusi. Mtu anayekata vioo, alisema, kazi yake ni kuacha nafasi kidogo pembeni, la sivyo kioo kinapasuka siku ya kwanza ya jua, naye kwa furaha ya kuoa alipima kila kitu akasahau kuacha nafasi. Aliona aibu kumwambia mama yake kwamba kitanda cha mwanawe kinamharibia kazi. Akawa anatafuta chumba kimya kimya, na kila nilipofungua kinywa mezani aliogopa mama asije akasikia habari za kuhama kabla hazijawa za hakika.

Mama mkwe akamsikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema na yeye alijua. Ni yeye aliyeisukuma mashine kwa nyonga asubuhi ya harusi, na aliusikia mlio wa bomba likikunjika. Alisema utamwambiaje bibi harusi kwamba kitanda chake kinasumbua? Huko ni kumfukuza. Ndiyo maana alimnyamazisha fundi. Wifi kutoka sakafuni akasema hata yeye alijua, alimsikia fundi akijisemea kwenye ngazi, ila aliona wakubwa wamenyamaza naye akanyamaza. Na mimi nikasema nimelijua tangu foronya ilipoanguka.

Basi hiyo ndiyo nyumba niliyoolewa, Dada. Wote wanne tulikuwa tumekausha. Mashuka tu ndiyo yaliyoshindwa.

Tulikifungua kitanda mchana ule ule. Mume wangu na spana, wifi na mbao, mama mkwe akiongoza. Mashine ikavutwa, na bomba nililinyoosha mimi kwa mikono yangu, nikavuta nyuzi zikatoka kama manyoya ya kondoo, nikalikaza kwenye tundu lake. Tukaingiza lile furushi lililorudishwa. Ilivuma sauti ambayo sijapata kuisikia kwake, sauti ya mtu aliyeachiwa koo. Chai haijapoa, mashuka yalikuwa makavu. Makavu, mepesi, ya moto! Mama mkwe alichukua moja akauzamisha uso ndani yake akakaa hivyo. Kisha akajifunga kanga, akalibeba furushi mwenyewe kwa msimamizi. Mwezi ujao bado kazi ni yake.

Lakini kitanda, kama nilivyoogopa, hakiwezi kurudi. Kimesimama wima sebuleni nyuma ya meza ya pasi. Mimi nalala katikati ya mama mkwe na wifi kama barua ndani ya bahasha, na mume wangu amejikunja kwenye viti. Hatuna hata mahali pa kugombania. Tunakutana jikoni tunashikana mikono kama wachumba wanaojificha.

Ndipo lilipokuja lile ambalo hasa nataka kukuungamia wewe, kwa sababu uliniambia siku unanikabidhi kwamba mke mpya apunguze mdomo.

Juzi tulikuwa tunakunja mashuka, mimi na mama mkwe, peke yetu. Unajua shuka kubwa linavyokunjwa na watu wawili: kila mmoja anashika pembe zake, mnalivuta, mnasogeleana mpaka mikono inakutana, mnaachana tena. Mume wangu alikuwa ameshatuambia chumba kimepatikana, juu ya duka la kutoa nakala karibu na kazini kwake, na aliyepo anahama mwisho wa mwezi. Mama mkwe akanivuta pembe, akaniambia kuna kitu hakukisema siku ile mbele ya watoto.

Alisema tangu baba yao afariki, yeye alikuwa anabaki peke yake na mashine ile, hana wa kusema naye mpaka jioni. Nilipokuja mimi, nikawa nakaa pale juu ya kitanda nikiingoja mashine, naiimbia, naisimulia habari zako na za watoto wako na mtoto anayekula chaki, naye huko bafuni anasikia yote. Akasema fundi alipopiga ile “Ahaa,” alijua kabisa kwamba mashine ikipona, mimi sitakuwa na sababu ya kukaa. “Nikasema moyoni, acha ichelewe,” akaniambia. Akaniuliza kama tunaweza kubaki. Akasema angehamia sebuleni yeye, atuachie chumba chake.

Dada, nilimwonea huruma, na nilimkasirikia, vyote pamoja, hata nikashindwa kujua kipi ni kipi. Asubuhi zile zote nilizokuwa nikiomba mashine iwahi, yeye upande wa pili wa ukuta alikuwa anaomba ichelewe. Lile gauni la njano. Wewe ambaye sikuja kukuona. Nilitaka kumkumbatia na kusema sawa Mama, tutabaki. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Ndilo neno ambalo mke mwema angelisema, na najua ndilo ungependa niliseme.

Sikulisema. Nilimwambia ninampenda, na kwamba tunakwenda. Nilimwambia nataka mlango wangu. Nikamwambia nitakuja, na nikija nitakuwa nimekuja, sitakuwa nimefungwa hapa na mashuka, na maneno yangu yote atayapata hayajapungua. Sikuyalainisha. Yalitoka yalivyo, nikabaki nimeshika pembe mbili za shuka.

Alizinyoosha pembe zake. Kisha akasema nivute upande wangu vizuri, tusiache mikunjo. Nikavuta. Akanisogelea mikono yetu ikakutana, na safari hii hakuiachia mara moja.

Sijui kama nimefanya vyema. Mume wangu anasema nimesema alichoshindwa kusema yeye kwa mwaka mzima. Wifi anasema mke mwenza ameshinda kesi. Mimi ninachojua ni kwamba nakaa nasubiri mwisho wa mwezi, chumba bado si chetu, usiku silali vizuri kati ya viwiko vya watu, na hata hivyo kifua changu kina nafasi ambayo hakikuwa nayo.

Tukishaingia, njoo. Njoo na watoto, na chaki za yule mdogo. Ubishe hodi, Dada, hata kama mlango uko wazi, ubishe, nisikie.

Mpe shemeji salamu za shemeji yake, anayemwomba akariri jina lake vizuri. Wabusu watoto mashavu yote. Na Mama, kwa kuwa macho yake hayaoni tena maandishi madogo, msomee barua hii mwenyewe. Msomee yote, usiruke mahali, hata pale pa kitanda.

Mdogo wako akupendaye,

Chiriku